Maswali ya Wasomaji: Balbu Inayotii Kundi la Zamani

Barua za toleo hili zote zinahusu balbu zinazoongozwa kwa simu, kwa rimoti au kwa sauti, na karibu zote zina kiini kimoja: balbu imehamishwa, kundi limefutwa au nyumba imepata mpangaji mwingine, lakini taa inaendelea kutii mpangilio wa zamani. Nimeanza na barua ambayo jibu lake litarahisisha kuelewa nyingine zote, na ndiyo sababu jibu hilo ni refu kuliko mengine.

Swali: Nina balbu sita za TRADFRI, zinazotengenezwa na IKEA, na rimoti ya mviringo yenye vitufe vitano, na zote zinaongozwa na Zigbee2MQTT, programu ya vifaa vinavyowasiliana kwa redio ya Zigbee, iliyo kwenye kompyuta ndogo. Nilihamisha balbu mbili kutoka sebuleni kwenda chumba cha watoto, nikaziondoa kwenye kundi la sebuleni, kisha nikaziweka kwenye kundi jipya. Kwenye skrini kila kitu kiko sawa. Hata hivyo, kila ninapozima taa za sebuleni, balbu moja ya chumba cha watoto nayo huzimika, na alfajiri ninapowasha sebuleni huwaka watoto wakiwa bado wamelala. Rimoti nimeibadilisha betri, kompyuta nimeizima na kuiwasha, bila mafanikio. Nifanye nini?
*Msomaji, Maskati, Oman*

Jibu: Ndugu msomaji, rimoti yako ni nzima na kompyuta yako ni nzima. Kinachokusumbua kimeandikwa ndani ya ile balbu moja, na ndiyo maana hukioni kwenye skrini.

Watu wengi hudhani kwamba kundi la taa ni orodha inayokaa kwenye simu au kompyuta, na kwamba kitufe kinapobonyezwa balbu huitwa moja baada ya nyingine kufuata orodha hiyo. Katika mtandao wa Zigbee utaratibu ni tofauti. Kila balbu ina jedwali lake dogo, lililo katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, na humo huandikwa namba za makundi ambayo balbu hiyo ni mwanachama. Rimoti hurusha ujumbe mmoja tu wenye namba ya kundi, ujumbe huo husambaa mtandao mzima, na kila balbu huulinganisha na jedwali lake: ikikuta namba hiyo hutii, isipoikuta huuacha upite. Ni sawa na mwalimu mkuu anayesimama uwanjani na kusema darasa la nne liingie ndani. Mwanafunzi aliyehamishiwa darasa la tano bila kuambiwa ataingia pamoja na wenzake wa zamani, hata kama jina lake limeshaandikwa upya kwenye daftari la mahudhurio.

Utaratibu huu uliwekwa kwa sababu nzuri. Taa kumi zikiamriwa moja moja huwaka kwa kupishana, jambo linaloonekana wazi na kuudhi, ilhali ujumbe mmoja wa kundi huziwasha zote kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba ujumbe wa kundi hurudiwa na vifaa vingi njiani, kiasi kwamba Philips Hue huwashauri waandishi wa programu wasizidi takriban amri 10 kwa sekunde kwa balbu moja moja, na amri 1 tu kwa sekunde kwa kundi. Faida nyingine ni kwamba rimoti inaweza kuongoza taa bila kupitia kompyuta, na hilo litatusaidia kupima tatizo lako.

Sasa, kwa nini balbu moja ilisikia na nyingine haikusikia? Kumwondoa mwanachama kunahitaji balbu ipokee amri ya kufuta namba kwenye jedwali lake, na ili iipokee ni lazima iwe na umeme na iwe ndani ya masafa ya mtandao. Unapohamisha balbu, unaizima ukutani, unaifungua, unaibeba na kuifunga kwingine. Ukifanya mabadiliko ya kundi katika muda huo, amri haifiki popote. Programu nzuri hutoa onyo kwamba balbu haikujibu, lakini ukichagua kuondoa kwa nguvu, Zigbee2MQTT hufuta habari katika kumbukumbu zake yenyewe tu na balbu haiambiwi lolote. Kundi likifutwa kwa nguvu, matokeo ni hayo hayo: jina hutoweka kwenye skrini, namba hubaki ndani ya balbu. Tena programu hiyo huanza kuhesabu makundi kutoka namba 1, kwa hiyo kundi jipya linaweza baadaye kupewa namba ya kundi lililofutwa, na balbu iliyosahaulika ikaanza kulitii bila kualikwa.

Kabla hujafuta chochote, hakikisha ni nani anayetoa amri. Chomoa kompyuta inayoendesha Zigbee2MQTT, subiri kidogo, kisha bonyeza rimoti ya sebuleni. Ikiwa taa za sebuleni na ile balbu ya watoto zitaitika, basi rimoti inazungumza nazo moja kwa moja na namba ya zamani bado imo ndani ya balbu. Ikiwa zitakaa kimya, rudisha kompyuta na utafute kanuni ya kujiendesha uliyowahi kuiandika, ya kuwasha au kuzima kwa saa fulani au kwa kitufe fulani, ambayo bado inataja balbu hiyo kwa jina. Katika hali hiyo kufuta jedwali la balbu hakutasaidia kitu.

Ukishathibitisha kuwa ni jedwali, hakikisha balbu inawaka na inaitika kwenye simu, kisha tuma ujumbe kwa mada (anwani ya ujumbe) `zigbee2mqtt/bridge/request/group/members/remove_all`, ukitaja jina la balbu katika sehemu ya `device`. Amri hii huiondoa balbu katika makundi yote, pamoja na lile kundi jipya la chumba cha watoto, kwa hiyo itabidi uirudishe humo baada ya kumaliza. Mipangilio ya mwanga iliyohifadhiwa chini ya makundi hayo, kwa mfano mwanga hafifu wa usiku, nayo hufutika, kwa kuwa Zigbee huihifadhi kwa kuiunganisha na namba ya kundi. Iandike pembeni kabla hujaanza.

Rimoti za aina yako zina jambo moja la ziada. Zile za programu za zamani haziwezi kuunganishwa na balbu moja moja, bali na kundi tu, na Zigbee2MQTT huzielekeza kwanza kwenye kundi namba 901, linaloitwa `default_bind_group`. Ikiwa uliiunganisha rimoti na kundi la sebuleni bila kuitenganisha kwanza na 901, huenda rimoti yako bado inarusha amri kwa 901, kwa kuwa hushika kundi moja tu kwa wakati mmoja, na balbu yoyote iliyowahi kuwekwa katika 901 itaendelea kuitika. Tazama ukurasa wa rimoti, sehemu ya miunganisho, uone imeunganishwa na nini.

Kuirejesha balbu katika hali ya kiwandani iwe hatua ya mwisho. Kwa balbu za TRADFRI hufanywa kwa kuiwasha na kuizima mara 6 kwa swichi ya ukutani, kisha unaiunganisha upya kama mpya. Inafanya kazi, lakini ukianza na hatua hiyo hutajua kosa lilikuwa wapi, na likitokea tena utakuwa unapanda ngazi kila mara kwa jambo ambalo lingemalizwa ukiwa umekaa.

Ningependa niseme waziwazi jambo ambalo nadhani watengenezaji wanapaswa kulisikia. Zigbee tangu mwanzo ina amri ya kuiuliza balbu iko kwenye makundi gani, na balbu hujibu kwa kutaja namba zote pamoja na nafasi iliyobaki kwenye jedwali. Habari hiyo ipo na ni rahisi kuipata, lakini programu nyingi za simu hazimwonyeshi mwenye taa. Zinaonyesha kile programu inachoamini, wala si kile balbu inachokumbuka. Mtu aliyenunua balbu kwa fedha zake ana haki ya kuona orodha zote mbili zikiwa pamoja, na tofauti yake ikiwa imewekewa alama.

Swali: Nilinunua balbu nne za Philips Hue za mtumba zilizotoka Uingereza. Zinawaka vizuri ukiwasha ukutani, lakini briji yangu, yaani kisanduku kikuu cha kuongozea taa, haizioni kabisa. Rafiki yangu alinishauri niziwashe na kuzizima mara nyingi mfululizo ili zisahau mwenye kwanza, nami nimefanya hivyo hadi nimechoka. Je, nimeuziwa balbu mbovu?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Balbu mbovu haingewaka. Hizi ni nzima, ila bado ni wanachama wa mtandao wa mtu aliyeko Uingereza, na zinashikilia ufunguo wa siri wa mtandao huo pamoja na makundi yake yote. Ujumbe wa briji yako umefungwa kwa ufunguo mwingine, kwa hiyo balbu hizo haziwezi kuusoma. Mbinu ya kuwasha na kuzima aliyokupa rafiki yako ni ya kweli kwa balbu za IKEA na kwa balbu nyingi za Wi-Fi, lakini balbu za kawaida za Hue hazifutwi kwa njia hiyo.

Kuna njia mbili, na ya kwanza haikugharimu kitu. Kwenye mwili wa balbu kumechapishwa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu sita. Iandike, ifunge balbu mahali palipo karibu na briji, iwashe, kisha kwenye programu ya Hue chagua kuongeza taa kwa kutumia namba hiyo badala ya kutafuta kwa kawaida. Briji itaiita balbu hiyo moja kwa moja na kuichukua kutoka mtandao wa zamani. Ukiona inashindikana, isogeze balbu karibu zaidi na briji, hata kwa kutumia taa ya mezani.

Njia ya pili inahitaji swichi ndogo ya mkononi inayoitwa Hue Dimmer Switch, ya toleo la kwanza lenye vitufe tofauti vya kuwasha na kuzima. Balbu ikiwa inawaka, isogeze swichi hiyo karibu kabisa nayo, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwasha na cha kuzima kwa pamoja kwa takriban sekunde 10, mpaka balbu ipepese. Hakikisha balbu nyingine za Hue ambazo hutaki kuzifuta zimezimwa ukutani au ziko mbali, kwa maana swichi haichagui kwa jina bali kwa ukaribu. Baada ya hapo balbu inasahau mtandao, ufunguo na makundi, nawe unaitafuta kwa njia ya kawaida.

Umenunua kwa bahati nzuri kwa upande wa umeme: balbu za Uingereza ni za volti 220 hadi 240, sawa na Kenya, na nyingi huja na kitako cha pini kinachoingia kwenye holda za kwetu bila adapta.

Swali: Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara nyingi ndani ya dakika chache. Ulipotulia, balbu mbili za barazani zilikuwa zimepotea kwenye programu. Niliziunganisha upya, na nilishangaa kuona majina yake ya zamani yamerudi yenyewe. Kila moja inaitika vizuri nikiigusa kwenye simu. Lakini nikiwasha kundi la barazani, hizo mbili hubaki giza ingawa zimo kwenye orodha ya kundi.
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Dada, tatizo lako ni kinyume cha lile la msomaji wa Maskati. Kwake balbu ilikumbuka kundi ambalo programu imelisahau, na kwako programu inakumbuka kundi ambalo balbu zimelisahau.

Inaelekea balbu zako ni za aina inayofutwa kwa kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa mfululizo, na umeme uliokuwa ukikatika na kurudi ulifanya kazi hiyo bila wewe kugusa swichi. Balbu haiwezi kutofautisha kidole cha mtu na hitilafu ya nguzo. Majina yalirudi kwa sababu kila kifaa cha Zigbee kina anwani ya kudumu ya biti 64 kilichopewa kiwandani, ambayo haibadiliki hata kikifutwa. Programu iliitambua anwani, ikarudisha jina na kukuonyesha uanachama wa kundi kama ulivyokuwa. Ndani ya balbu, hata hivyo, jedwali la makundi ni tupu.

Ziondoe balbu hizo mbili kwenye kundi la barazani, hifadhi, kisha zirudishe humo zikiwa zinawaka. Ikiwa programu italalamika kwamba haikufanikiwa kuziondoa, usishtuke, kwa kuwa haziwezi kuondolewa mahali ambapo hazimo. Fanya hivyo kwa kila kundi linalozitaja, pamoja na lile la nyumba nzima ambalo watu husahau.

Kwa siku zijazo, umeme unapoanza kuchezacheza, zima swichi za ukutani za taa hizo mpaka utulie. Ni ushauri wa kizamani kwa taa za kisasa, lakini sijui ulio bora zaidi kwa nyumba isiyo na betri ya akiba. Kisanduku kikuu cha kuongozea taa kinaweza kuwekwa kwenye UPS ndogo pamoja na ruta, na ni vyema kufanya hivyo, ila hilo halizilindi balbu zenyewe. Tazama pia kama programu yako ina sehemu ya kuchagua balbu ifanye nini umeme unaporudi: iwake kikamilifu, ibaki imezimwa, au irudie hali iliyokuwa nayo. Wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani, kisha nyumba nzima huwaka saa nane za usiku.

Swali: Balbu zangu ni za Wi-Fi, nazo nimeziunganisha na Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, kupitia programu ya Smart Life. Niliuza mbili na kufuta kundi la zamani. Sasa nikiiambia Alexa izime taa za sebuleni, hujibu kwamba kifaa hakipatikani, ingawa taa zilizobaki huzimika. Nikikifuta kifaa hicho, kinarudi. Je, nizifute balbu zote na kuanza upya?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: La, usiziguse balbu. Balbu za Wi-Fi kwa kawaida hazitunzi makundi kwa namna niliyoeleza hapo juu. Kundi lenu linakaa kwenye akaunti, tena katika akaunti mbili: ya Smart Life na ya Amazon, na kila moja ina orodha yake.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kundi lililoundwa kwenye programu ya mtengenezaji linaweza kuingia katika Alexa likiwa kama kifaa kimoja. Vyumba vya Philips Hue pia huingia hivyo hivyo. Unakuwa basi na kifaa kinachoitwa sebule, ambacho kwa hakika ni kundi, na wakati huo huo kundi la Alexa linaloitwa sebule ambalo ndani yake mna kifaa hicho pamoja na balbu zako moja moja. Ukifuta upande wa Alexa peke yake, hufutika, lakini Alexa ikitafuta vifaa upya hukutana nacho tena upande wa pili na kukirudisha.

Kwa hiyo anza kwenye chanzo. Fungua Smart Life, hakikisha hakuna kundi lililobaki linalozitaja balbu ulizouza, na kama balbu zenyewe bado zimo, ziondoe. Programu hiyo hukupa uamuzi wa aina mbili: kutenganisha tu, au kutenganisha na kufuta data. Kwa kifaa ulichokwisha kumpa mtu mwingine, chagua kufuta data. Baada ya hapo ingia kwenye programu ya Alexa, futa kifaa kilichokufa, fungua kundi la sebule na uhakikishe kwamba lina balbu zilizopo peke yake, kisha iambie itafute vifaa. Mwisho, badilisha majina yasigongane. Kundi likiitwa sebule, balbu ziitwe kwa mahali pake, kama vile taa ya kona au taa ya dirishani.

Swali: Ninaishi Minnesota na ninataka kumpelekea mama yangu Tanga balbu zangu za zamani ambazo nimeacha kuzitumia. Nahitaji kufuta makundi kabla ya kuzisafirisha?
*Msomaji, Marekani*

Jibu: Kabla ya makundi, soma maandishi yaliyo kwenye shingo ya balbu. Balbu nyingi zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa volti 110 hadi 130, na Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230. Kitako chake cha kuzungusha kitaingia vizuri kwenye holda ya Tanga, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kitakachomzuia mama kuifunga na kuiwasha. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiipeleke. Mnunulie huko huko au umtafutie zilizoandikwa 220–240V. Ukipata zinazokubali volti zote, ziondoe kwenye briji yako zikiwa zinawaka, ili zipokee amri ya kujitoa, na ujaribu kuzitafuta upya kabla ya kuzifunga kwenye mzigo.

Swali: Nimesoma kwamba Matter, kiwango kipya cha mawasiliano ya vifaa vya nyumbani, kimeondoa matatizo haya. Ni kweli?
*Msomaji, Kampala*

Jibu: Kimeyapunguza, lakini hakijayaondoa. Matter, kilichotolewa mwaka 2022, nacho kina makundi yanayoandikwa ndani ya kifaa. Tofauti ni kwamba kila mfumo unaoongoza kifaa, kwa mfano wa Apple na wa Google kwa wakati mmoja, una sehemu yake iliyotengwa, na kifaa kinapaswa kuwa na nafasi ya mifumo isiyopungua 5. Mfumo mmoja ukiondolewa ipasavyo, makundi yake huondoka nao. Ukiondolewa kifaa kikiwa hakina umeme, sehemu yake hubaki palepale ikisubiri.

Swali: Mimi ni fundi umeme. Ninafunga taa za Zigbee katika nyumba za kupangisha, na wapangaji wanapohama naitwa kusafisha mfumo. Mara mbili mpangaji mpya amelalamika kwamba taa zinawaka zenyewe. Kifaa changu cha USB cha kuongozea Zigbee kina amri ya kurejesha balbu kwenye thamani za mwanzo, nami huituma kwa kila balbu. Ninakosea wapi?
*Fundi, Dodoma*

Jibu: Fundi, amri hiyo jina lake linaahidi zaidi ya inachofanya. Iko katika sehemu ya msingi ya kiwango cha Zigbee, na maelezo yake yanasema wazi kwamba hurejesha thamani za mipangilio kama vile mwangaza na muda wa kufifia, lakini haigusi uanachama wa mtandao, miunganisho wala makundi. Umekuwa ukisafisha juu juu na kuacha kile hasa kinachosumbua. Kinachofuta vyote ni amri ya kuondoka mtandaoni, ambayo kwa vifaa vya Zigbee 3.0 hufuta pia makundi na ufunguo, au utaratibu wa mtengenezaji wa kurejesha hali ya kiwandani.

Jambo la pili ni rimoti. Ukimfuta mpangaji kwenye orodha ya kompyuta kwa nguvu, rimoti aliyoondoka nayo mfukoni bado ina ufunguo wa mtandao na bado inajua namba ya kundi. Akihamia nyumba ya pili kwenye jengo hilo hilo, mtoto wake akiichezea, taa za nyumba ya zamani zitaitika, hasa kwa kuwa balbu zilizopo njiani hupokezana ujumbe. Malalamiko ya taa zinazowaka zenyewe mara nyingi huishia hapo. Kwa hiyo dai rimoti zote siku ya makabidhiano kama unavyodai funguo za mlango. Rimoti ya TRADFRI hufutwa kwa kubonyeza kitufe cha kuunganishia, kilicho ndani ya kifuniko cha betri, mara 4 ndani ya sekunde 5. Ikiwa rimoti imepotea, usiishie kwenye kuifuta kwenye orodha: unda mtandao mpya wenye ufunguo mpya na uziingize balbu upya, kwa maana ufunguo wa zamani hauwezi kurudishwa mikononi mwako.

La tatu ni mpangilio wa kazi yenyewe. Mafundi wengi huanza kwa kukifuta kisanduku kikuu kwa sababu ndicho kilicho karibu, na papo hapo balbu zote hubaki yatima: zina mtandao ambao hauna kiongozi, na hakuna tena wa kuziamuru ziondoke. Fanya kinyume. Washa swichi zote za ukutani, pamoja na za stoo, choo cha nje na baraza, na uangalie kwenye skrini kwamba kila balbu inajibu. Futa makundi kwa njia ya kawaida. Toa balbu moja moja, pia kwa njia ya kawaida na si kwa nguvu, ukisubiri kila moja ithibitishe. Isiyothibitisha, iandike jina na mahali ilipo, uiendee kwa ngazi na kuifuta kwa mkono. Kisanduku kikuu kiwe cha mwisho.

Kisha pima kazi yako kabla hujaondoka. Weka kifaa chako cha USB katika hali ya kupokea vifaa vipya na uhesabu balbu zinazojitokeza zenyewe. Balbu iliyo safi kweli hujitambulisha yenyewe mara inapopata umeme, na ile isiyojitokeza bado ina mtandao wa mtu.